MATEKE TUMEYACHUKUA, ADABU TUMEIACHA CHINA



Kuna ninyi mlio madarasani na kuna ninyi mliojificha nyuma ya maabara mkirushiana mateke. Ninyi wa nyuma ya maabara ndio hasa niliowashikia kalamu. Msikimbie. Sikuja kuwashtaki kwa naibu wa mwalimu mkuu. Nimekuja kuwatetea, lakini kabla ya kuwatetea nitawasema kidogo, maana wahenga walinena kwamba ukweli ni mchungu.

Mnakumbuka kwamba muhula uliopita ilitolewa amri gwarideni: asionekane mwanafunzi yeyote akicheza "karate" ndani ya ua la shule. Amri hiyo ilikuja baada ya kijana mmoja wa kidato cha pili kupanda juu ya dawati, kupiga ukelele, kuruka na kuangukia mkono. Tulimwona akiondoka kwa tuktuk, mkono umefungwa kwa sweta. Tangu siku hiyo shule imegawanyika. Kuna wanaosema michezo hii ya Wachina ni ugomvi mtupu, na ipigwe marufuku daima. Kuna wanaolalamika kwamba tunanyimwa haki yetu ya kucheza.

Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Rai yangu ni kwamba kung fu haijawahi kuchezwa katika shule hii. Tulichokuwa tukicheza ni sinema. Na kung fu yenyewe, ikifundishwa jinsi inavyofundishwa na wenye ujuzi, ingepunguza ugomvi hapa shuleni na hata huko mitaani kwetu. Kwa hiyo naomba shule iiruhusu, kwa masharti nitakayoyataja.

Tuanze na jina, maana hapa Kisumu kila teke linaitwa karate. Karate ilitoka visiwa vya Okinawa, Japani. Judo pia ni ya Japani. Taekwondo ni ya Korea, na ndiyo iliyompeleka Mkenya mwenzetu Faith Ogallo kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Sanaa za kupigana za China kwa jumla huitwa wushu. Hilo neno kung fu lenyewe kwa Kichina maana yake si kupigana hata kidogo. Maana yake ni ustadi unaopatikana kwa muda mrefu na kwa jasho jingi. Mpishi hodari ana kung fu. Seremala wa Kibuye anayepiga randa mbao ikawa laini kama kioo ana kung fu. Mama anayepara samaki pale Dunga huku anakuangalia wewe usoni, kisu kisimguse kidole, huyo naye ana kung fu. Basi mtu akiniambia ameijua kung fu kwa wiki mbili, mimi hucheka tu.

Je, tulijifunzia wapi hii kung fu ya wiki mbili? Jibu mnalijua. Ni vibandani. Kondele, Manyatta, Nyalenda, Obunga, hakuna mtaa usiokuwa na kibanda cha video. Unalipa shilingi chache, unabanwa kwenye benchi, na DJ Afro anakutafsiria Mchina kwa Kiswahili na sheng mpaka mbavu zinauma. Mimi sina ugomvi na DJ Afro. Wengi wetu tusingeelewa neno hata moja bila yeye. Jirani zetu Waganda nao wamefika mbali zaidi: kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na vijana wa mtaa wake walitengeneza sinema yao wenyewe, Who Killed Captain Alex?, mwaka 2010, kwa pesa kidogo sana, na mateke ya kung fu yamo. Ubunifu huo nausifu.

Lakini sinema ina jambo moja inalotuficha, nalo ni muda. Katika sinema kijana anapigwa na maadui, anakimbilia mlimani kwa mzee mwenye ndevu nyeupe, muziki unalia dakika tatu, na akishuka ameshakuwa bingwa. Hebu tuwatazame hao mabingwa wenyewe. Bruce Lee alianza kujifunza mtindo uitwao Wing Chun kwa mwalimu Ip Man huko Hong Kong akiwa kijana wa umri wetu. Sinema yake Enter the Dragon ilitoka mwaka 1973, mwaka uleule aliofariki akiwa na miaka 32. Yaani nusu ya maisha yake ilikwisha katika mazoezi. Jackie Chan alipelekwa shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong akiwa mtoto mdogo, akakaa huko karibu miaka kumi akijifunza kuimba, sarakasi na kupigana kwa maigizo. Jet Li alikuwa bingwa wa wushu katika timu ya Beijing kabla hajaigiza Shaolin Temple mwaka 1982. Hakuna hata mmoja wao aliyeanza kwa kuruka kutoka juu ya dawati.

Sasa niwaeleze mazoezi yenyewe yalivyo, kwa kuwa mimi nahudhuria kila Jumamosi asubuhi mtaani kwetu. Mwalimu wetu ni fundi wa baiskeli, mzee wa makamo, aliyejifunza Mombasa katika ujana wake. Hatozi ada. Anachodai ni ufike mapema na ufagie uwanja.

Mwezi wa kwanza hatukupiga teke hata moja. Tulisimama tu. Kuna msimamo unaoitwa mabu, yaani msimamo wa farasi: unapanua miguu, unakunja magoti mpaka mapaja yalale kama kiti, mgongo wima, ngumi kiunoni. Ni kama umempanda farasi, ila farasi hayupo. Dakika moja tu na mapaja yanawaka moto. Dakika ya pili unaanza kuwakumbuka jamaa zako wote. Walioingia pamoja nami tulikuwa kumi na wanne. Mwezi ulipokwisha tulibaki watano. Wale tisa walisema, "Ati kusimama tu? Hiyo si kung fu." Kumbe ndiyo hiyo! Wahenga hawakukosea waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu asiyejua kusimama akipiga teke huanguka yeye mwenyewe, na huyo wa kidato cha pili ni shahidi.

Baada ya misimamo huja ngumi na mateke ya kawaida, polepole, mamia kwa mamia. Kisha huja taolu. Taolu ni mfululizo wa mienendo iliyopangwa, unayoikariri kuanzia mwanzo hadi mwisho peke yako, kama mtu anayecheza ngoma bila mpigaji. Anayetazama huona ni dansi. Lakini kila mwendo una maana: huu ni kuzuia, huu ni kukwepa, huu ni kumvuta adui apoteze mizani. Ni kamusi iliyoandikwa mwilini. Ndivyo ujuzi ulivyopita kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi hata pale ambapo wote wawili hawakujua kusoma. Baada ya miezi mingi ya taolu ndipo wawili hupewa ruhusa ya kukabiliana, tena kwa mpango. Silaha kama fimbo, panga na mkuki huja nyuma kabisa.

China ni nchi kubwa na mitindo yake haihesabiki. Wenyewe husema kusini ngumi, kaskazini mateke. Hekalu la Shaolin, ambalo kila mpenda sinema analitaja, liko mkoa wa Henan na lilianzishwa mwaka 495. Watawa wake walivuma hasa kwa fimbo. Katika mkoa huohuo kipo kijiji cha Chenjiagou, kinachotajwa kuwa chimbuko la taijiquan katika karne ya 17. Taijiquan ndiyo ile unayoona wazee wa Kichina wakiicheza asubuhi katika bustani, polepole kama watu waliomo ndani ya maji. Mwaka 2020 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Jiulize, ingekuwa ni ugomvi mtupu, wazee wa miaka themanini wangeifuata nini?

Na kwa kuwa mimi ni msichana, niseme neno kwa wasichana wenzangu. Hiyo Wing Chun ya Bruce Lee, masimulizi ya wenyewe yanasema ilianzishwa na mtawa wa kike aitwaye Ng Mui, na kwamba jina lake linatokana na msichana aliyeitwa Yim Wing Chun, ambaye alifundishwa ili amkatae mwanamume aliyetaka kumwoa kwa nguvu. Sijui wangapi kati ya wavulana wanaotufukuza nyuma ya maabara, eti "hii si kazi ya madem", wanayajua masimulizi hayo. Sisi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani jua likizama. Njia tunazijua, na wanaokaa kwenye njia hizo tunawajua. Simdanganyi mtu kwamba miezi sita ya mazoezi itamshinda mwanamume mwenye kisu. Mwalimu wetu mwenyewe hutuambia kila Jumamosi: mbinu ya kwanza ni kutopita pale, ya pili ni kukimbia, ya tatu ni kupiga kelele, na ngumi ni ya nne. Hata hivyo, tangu nianze nimejifunza kutembea kichwa kikiwa juu na macho yakitazama mbele. Hilo peke yake limenifaa.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Kabla ya kila zoezi tunasalimiana. Mkono wa kulia hukunjwa ngumi, kiganja cha kushoto huifunika, kisha unainamisha kichwa kidogo. Mwalimu hueleza kwamba ngumi ni nguvu na kiganja ni akili inayoizuia. Wachina wana neno wude, maana yake maadili ya mwenye kujua kupigana: unyenyekevu, heshima, uaminifu, subira, kutomwonea mnyonge. Mwalimu naye huitwa shifu, na ndani ya neno hilo mna mwalimu na baba kwa pamoja. Si neno geni kwetu. Hapa ziwani mwalimu tunamwita japuonj, na zamani japuonj hakufundisha hesabu tu. Alifundisha pia namna ya kukaa na watu. Katika desturi ya kale shifu aliweza kukataa kumfundisha kijana mwenye hasira mpaka hasira itulie.

Haya ndiyo tuliyoyaacha China. Sinema ilipotuletea mzigo, tulichukua mateke tukaacha adabu. Matokeo yake tunayaona. Mvulana akijua teke moja, kesho yake anatafuta wa kumjaribia, na mara nyingi humtafuta mtoto wa kidato cha kwanza.

Mtu asidhani hili ni jambo dogo la watoto wa shule. Sisi ni wana wa Kisumu. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 hatukuwa tumezaliwa, lakini wazazi wetu hutusimulia jinsi maduka yalivyoporwa na kuteketea katikati ya mji. Mwaka 2017 tulikuwa watoto wadogo, na wengi wetu tunakumbuka kulazwa chini sakafuni milio ikisikika nje. Kila msimu wa siasa hupita watu mitaani wakiwatafuta vijana wenye misuli. Hawaulizi cheti. Huuliza kama unaogopa. Kijana aliyefundishwa kupiga lakini hakufundishwa kujizuia ana bei, na bei yenyewe ni ndogo, pengine mlo na noti moja. Uchaguzi mwingine ni mwaka 2027. Kidato cha tatu cha leo kitakuwa na umri wa kununuliwa. Samaki mkunje angali mbichi, jamani. Kama kuna mtu wa kutufundisha kwamba ngumi hufunikwa na kiganja, na afanye hivyo sasa.

Najua yatakayosemwa, basi niyajibu mapema.

Wa kwanza atasema, "Samaki wa China wamejaa sokoni wakati ziwa letu lipo, na sasa mnataka na michezo yao?" Hoja hii ina uzito. Samaki wa barafu kutoka China amewaumiza wavuvi wetu, kwa kuwa anayeuza huyo hauzi ngege wa hapa. Lakini ujuzi hauko hivyo. Nikijifunza msimamo wa farasi, simnyang'anyi mtu riziki. Tena hoja hii inatukumbusha deni. Babu zetu walikuwa na mieleka yao, olengo, waliyoicheza wakichunga ng'ombe. Ni nani kati yetu anayeweza kuonyesha hata mshiko mmoja wa olengo? Wasenegali waliilinda mieleka yao mpaka ikawa mchezo unaojaza viwanja, na mwaka 2018 walifungua uwanja mkubwa wa mieleka huko Pikine, karibu na Dakar, uliojengwa kwa msaada wa China. Mchina alipokuja kwao aliwakuta na cha kwao mkononi. Sisi alitukuta mikono mitupu. Kwa hiyo nataka tujifunze kwa Wachina jambo hilo hasa: kushika cha babu, kukiandika, kukipangia ngazi na kukirithisha.

Wa pili atasema, "Hiyo ni dini ya masanamu." Ni kweli kwamba Shaolin ni hekalu la Kibudha. Lakini katika uwanja wetu wa Jumamosi hakuna sanamu wala uvumba. Mna Waadventista wanaokuja siku nyingine kwa sababu Jumamosi ni sabato yao, mna Waislamu, mna Wakatoliki, na mna wa Legio Maria. Tunainamiana sisi kwa sisi, kama mtoto anavyomwinamia bibi yake akimpa maji ya kunawa. Sijasikia mchungaji wala shehe akilalamika juu ya mpira wa miguu kwa kuwa ulitoka Uingereza.

Wa tatu, na huyu namheshimu kuliko wote, ni mwalimu atakayesema, "Mtihani je?" Mwalimu, mtu anayeweza kusimama mabu dakika tano bila kulalamika anaweza pia kukaa na hesabu moja ngumu dakika tano bila kuitupa kalamu. Mimi nilikuwa mtu wa kuitupa. Sasa navumilia, na ripoti yangu ya muhula uliopita mnaweza kuiangalia. Aidha, mlango wa michezo upo. Iliamuliwa mwaka 2020 kwamba wushu iingie katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyopangwa mwaka 2026. Hao ni vijana wa umri wetu.

Basi, masharti yangu ni haya, na nayaweka mbele ya uongozi wa shule kwa heshima zote. Kwanza, kiwepo chama chenye mwalimu mlezi, na mazoezi yafanyike saa kumi na robo alasiri kwenye nyasi, hadharani, mahali ambapo kila mtu anaona. Nyuma ya maabara pafungwe. Pili, anayefundisha awe mtu anayejulikana na ujuzi wake, na wazazi watie sahihi. Tatu, mihula miwili ya kwanza iwe ya misimamo na taolu tu. Pasiwe na kugusana. Nne, wasichana na wavulana waingie kwa usawa. Tano, mwanachama akipigana popote, shuleni au njiani, atoke, hata kama ndiye hodari kuliko wote. Hasa kama ndiye hodari kuliko wote. Sita, mara moja kwa muhula aalikwe mzee anayeijua olengo, atuonyeshe kabla hajaenda nayo kaburini.

Na ninyi wa nyuma ya maabara, sasa ni zamu yenu. Mkitaka niendelee kuwatetea, nipeni sababu. Kesho wakati wa mapumziko ya chakula tokeni huko nyuma, simameni msimamo wa farasi uwanjani, mbele ya dirisha la ofisi, kimya, bila ukelele, bila kuruka. Dakika tano tu. Atakayebaki amesimama, huyo nitaandika jina lake katika barua ya kuomba chama. Nasubiri kuona kama majina yatafika kumi.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Wasalaam.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu